Darasa la Nne Hadi la Sita: Kwa Nini Mtoto Aliyekuwa Anafanya Vizuri Anaanza Kuyumba

Walimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi wana lalamiko moja wanalolisikia kutoka kwa wazazi kila muhula, karibu kwa maneno yaleyale: "Mtoto huyu alikuwa anafanya vizuri, sijui amepatwa na nini." Ripoti za darasa la pili zilijaa pongezi. Sasa yuko darasa la nne au la tano, alama zimeshuka, hapendi mtu achungulie daftari lake, na akiulizwa leo mmejifunza nini anajibu "hakuna." Nyumbani hukumu inapita haraka: amekuwa mvivu, amepata marafiki wabaya, simu imemharibu, au shule yenyewe imeporomoka.

Huenda mojawapo ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni nyepesi zaidi na haina mkosaji: kazi imebadilika. Anachotakiwa kufanya mtoto wa darasa la tano si kile cha darasa la pili kilichoongezwa ugumu kidogo. Ni kama mwanafunzi wa useremala aliyesifiwa kwa kushika msumeno vizuri, kisha asubuhi moja akaambiwa atengeneze kiti. Hajasahau kushika msumeno; ameombwa kitu kingine kabisa. Mzazi asiyejua hilo humhimiza mwanawe aongeze bidii katika jambo ambalo halipimwi tena.

Kwanza tuelewane tunazungumzia madarasa gani. Katika mfumo wa kuainisha elimu wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, elimu ya msingi huanza mtoto akiwa na miaka 5 hadi 7, na kwa kawaida hudumu miaka 6, ingawa zipo nchi zenye miaka 4 na nyingine 7. Ndani ya kipindi hicho nchi nyingi huyagawa madarasa mafungu mawili. Fungu la chini ni la kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Fungu la juu, ambalo kwa kawaida ni darasa la nne hadi la sita, yaani umri wa miaka 9 hadi 12 hivi, ndilo tunalolizungumzia hapa. Kwingine linaanzia darasa la tatu. Usishughulike sana na namba ya darasa. Angalia aina ya kazi anayoletewa mtoto.

Anasoma bila kukwama, lakini haelewi

Mtafiti wa Marekani Jeanne Chall, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza mwaka 1983 kwamba usomaji hukua kwa hatua. Katika hatua za mwanzo mtoto anajifunza kusoma: herufi, silabi, maneno, kisha kasi. Karibu na darasa la nne anavuka kwenda hatua ambayo anasoma ili ajifunze. Kitabu hakimfundishi tena kusoma. Kinamfundisha jinsi mmea unavyotengeneza chakula, kinachukulia kwamba kusoma anajua, na hakimsubiri.

Chall na wenzake waliwafuatilia watoto wa familia zenye kipato kidogo na kuona jambo ambalo walimu wengi wanalijua kwa uzoefu. Katika darasa la pili na la tatu watoto hao walikuwa sawa na wengine. Kuanzia darasa la nne walianza kuachwa, na mahali pa kwanza walipoachwa palikuwa kwenye maana ya maneno yasiyo ya kila siku, wala si kwenye kutamka. Si ajabu kwamba PIRLS, mtihani wa kimataifa wa usomaji unaofanyika kila baada ya miaka mitano tangu mwaka 2001, unawapima watoto wa darasa la nne. Hapo ndipo njia panda ilipo.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza usomaji kwa namna rahisi ambayo bado inatumika: kuelewa maandishi ni uwezo wa kuyatambua maneno mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Waliweka alama ya kuzidisha, si ya kujumlisha, na walifanya hivyo kwa makusudi. Ukizidisha kitu chochote kwa sifuri unapata sifuri. Mtoto anayetamka kila neno bila kosa lakini lugha ya kitabu hicho haijui, ameelewa sifuri.

Hili linawagusa zaidi watoto wanaosoma lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa, Kiswahili kikiwemo. Mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma kwa sauti ukurasa wa kitabu cha sheria bila kukwama hata mara moja, na kila aliye karibu akapiga makofi. Kutamka kumekuja mapema, kwa hiyo kunaficha kilichobaki nyuma. Na pale ambapo shule inafundisha kwa lugha ambayo haisemwi nyumbani, pengo ni pana zaidi: mtoto anaweza kuwa na akili kali na maswali mengi, lakini yote yamefungiwa katika lugha ambayo kitabu hakiitumii.

Kwa hiyo jaribio la kumwambia "nisomee hapa" halitoshi tena katika umri huu. Mpe aya moja ya kitabu cha sayansi au maarifa ya jamii aisome kimya, afunge kitabu, akueleze kwa maneno yake. Kisha muulize swali ambalo jibu lake halijaandikwa pale. Kama aya ilieleza jinsi maji yanavyogeuka mvuke yakipata joto, muulize kwa nini nguo zilizoanikwa juani hukauka mapema kuliko zilizoanikwa kivulini. Aliyeelewa atajaribu kujibu, hata akikosea. Asiyeelewa atakurudishia sentensi za kitabu neno kwa neno, na hapo ndipo wazazi wengi wanadanganyika, kwa sababu kukariri kunafanana sana na kujua.

Maneno yanayowaangusha mara nyingi si yale marefu ya kitaalamu, maana hayo mwalimu huyaeleza ubaoni. Ni maneno ya katikati, yasiyosikika sana mezani au uwanjani na ambayo hakuna somo linalosimama kuyafundisha: linganisha, fafanua, ilhali, athari, mchakato, hata hivyo, kadiri. Swali la hesabu linaloanza na "kadiri" linaweza kumshinda mtoto anayejua kuzidisha vizuri. Akirudi na alama mbaya za hesabu, mwombe kwanza akuelezee swali lilikuwa linataka nini. Utashangaa ni mara ngapi tatizo halikuwa hesabu.

Ipo imani iliyoenea kwamba mtoto akishajua kusoma hatakiwi kusomewa tena, kwamba kumsomea wa miaka 10 ni kumdekeza. Si kweli. Kwa miaka mingi ya shule ya msingi, anachoweza kuelewa mtoto kwa kusikiliza huwa kiko mbele ya anachoweza kuelewa kwa kusoma mwenyewe. Anayesomewa, au anayekaa karibu na watu wazima wanaozungumza naye mambo ya maana, anakusanya maneno ambayo atakutana nayo vitabuni baadaye. Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi kubwa hapa. Kumsimulia, kumuuliza "kwa nini unafikiri hivyo," kumwacha amalize hoja yake bila kumkatiza: yote hayo yanajenga ule upande wa pili wa alama ya kuzidisha.

Namba zinazovunja kila alichofundishwa

Upande wa hesabu, kikwazo kikuu cha miaka hii kinaitwa sehemu, yaani namba kama 1/2 na 1/3.

Hadi darasa la tatu karibu namba zote alizokutana nazo mtoto ni namba nzima, na namba hizo zina tabia zinazotabirika. 8 ni kubwa kuliko 6. Ukizidisha, jibu linakua. Ukigawanya, linapungua. Kila namba ina inayofuata. Hakuna aliyeyaandika haya ubaoni kama sheria, lakini mtoto ameyaona mara elfu na kuyaamini. Kisha zinakuja sehemu, na imani zote nne zinaanguka kwa pamoja. 1/8 ni ndogo kuliko 1/6. 12 ukizidisha kwa 1/2 unapata 6. 12 ukigawanya kwa 1/2 unapata 24. Na kati ya 1/3 na 1/2 hakuna "inayofuata," kwani zimejaa sehemu nyingine zisizohesabika.

Ukilijua hili, makosa ya mtoto yanaanza kusomeka. Anayesema 0.15 ni kubwa kuliko 0.9 hajazembea, anafuata kanuni aliyofundishwa, kwamba 15 ni kubwa kuliko 9. Anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 amejumlisha kiasi na kiasi, yaani namba za juu, kisha asili na asili, yaani zile za chini, akizichukulia kama namba nne nzima zilizopangwa vibaya. Ukimwambia tu "umekosea, tafuta asili ya pamoja," atakariri hatua na kuzisahau baada ya mtihani. Muulize badala yake: 2/5 na 1/2, ipi kubwa? Akichora mstari kuanzia 0 hadi 1 na kuziweka zote mbili, ataona mwenyewe kwamba alianza na nusu, akaongeza kitu, akaishia na chini ya nusu. Mtoto akishaona hivyo, jibu la 5/6 linakuwa na maana, na zile hatua za mwalimu zinapata mahali pa kushika.

Kwa nini nimekaa sana hapa? Kwa sababu utafiti ulioongozwa na Robert Siegler na kuchapishwa mwaka 2012, kwa takwimu za Marekani na Uingereza, ulionyesha kwamba ujuzi wa mtoto katika sehemu na kugawanya anapokuwa na umri wa miaka 10 hivi unabashiri jinsi atakavyofanya hesabu za sekondari, aljebra zikiwemo. Ilikuwa hivyo hata baada ya kuzingatia akili ya jumla ya mtoto, ujuzi wake mwingine wa hesabu, na kipato na elimu ya wazazi. Mada nyingine zinaweza kurudiwa mwaka ujao bila hasara kubwa. Mtoto akivuka na sehemu asizozielewa, asilimia, uwiano na aljebra vitamjia kama mizimu.

Jambo moja zaidi kuhusu hesabu. Kuna wanaosema kukariri jedwali la kuzidisha ni elimu ya kizamani. Sikubaliani nao, ingawa nakubali kwamba kukariri peke yake hakutoshi. Mtoto anayetumia nusu dakika kutafuta 7 × 8 akiwa katikati ya kugawanya namba yenye tarakimu nne, akirudi na 56 yake anakuta amesahau alikuwa hatua gani. Akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Jedwali likiwa kichwani, nafasi hiyo inabaki kwa ajili ya swali lenyewe. Dakika chache kila siku, jedwali moja hadi likae, zinafaa kuliko Jumamosi nzima ya kilio.

Na kama njia ya mwalimu haifanani na ile uliyofundishwa wewe, usikimbilie kuifuta. Mwambie mtoto akufundishe hiyo ya shuleni. Akishindwa kuieleza, umejua pa kumwuliza mwalimu. Akiweza, umemsaidia kuliko ungemfanyia.

Kujipanga nako kunafundishwa

Madarasa ya chini mara nyingi huwa na mwalimu mmoja anayekaa na watoto siku nzima. Anawakumbusha kufungua daftari, kuandika tarehe, kumaliza. Juu huku masomo yanaongezeka, walimu wanabadilishana, na kila mmoja ana daftari lake, utaratibu wake na tarehe zake. Inatolewa kazi ya mradi leo, inatakiwa baada ya wiki mbili. Kwa mtu mzima wiki mbili ni karibu. Kwa mtoto wa miaka 9 ni sawa na kamwe, mpaka usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Sehemu ya ubongo inayohusika na kupanga, kujizuia na kukumbuka hatua zinazofuata huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo mtoto anayesahau daftari shuleni mara kwa mara anaweza kuwa hana dharau wala utundu. Hajafundishwa kupanga, na shule nyingi huchukulia kwamba nyumbani wamemfundisha, huku nyumbani wakichukulia kwamba ni kazi ya shule. Anachohitaji ni utaratibu unaoonekana kwa macho: orodha fupi ukutani, begi kufungwa usiku badala ya asubuhi, kazi kubwa kukatwa vipande na kila kipande kupewa siku yake. Mwanzoni mnafanya pamoja. Baada ya wiki kadhaa yeye anafanya, wewe unakagua. Baadaye unauliza tu. Wazazi hukosea pande zote mbili: wapo wanaojitoa siku ya kwanza ya darasa la nne kwa kuwa "sasa ni mkubwa," na wapo ambao darasa la sita bado wanabeba begi.

Kusoma kwa ajili ya mtihani nako ni ujuzi mpya. Mtoto akiambiwa "kasome," huchukua daftari na kulipitia kwa macho mara tatu. Anajisikia amejua kwa sababu maneno yamezoeleka. Majaribio ya Henry Roediger na Jeffrey Karpicke yaliyochapishwa mwaka 2006, yaliyowahusisha wanafunzi wa chuo kikuu, yalionyesha udanganyifu huo wazi: waliorudia kusoma walikumbuka zaidi dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kuangalia ndio waliokumbuka zaidi. Hata mtoto wa miaka 10 anaweza kufunga daftari, kuandika anachokumbuka, kisha kulifungua aone alichokosa. Hakipendezi kama kupitia kwa macho. Ndiyo maana kinafanya kazi.

Kazi ya nyumbani: kiasi gani, na ya nani

Hapa maoni ya wazazi yamegawanyika vibaya. Mmoja analalamika mtoto halali kwa wingi wa kazi, jirani yake analalamika shule haitoi za kutosha. Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti nyingi za Marekani mwaka 2006 na kukuta kwamba uhusiano kati ya kazi ya nyumbani na ufaulu ni mkubwa zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko wa shule ya msingi. Kipimo kinachotumika sana huko ni dakika 10 kwa kila darasa: darasa la nne dakika 40, la sita saa moja, masomo yote yakijumlishwa. Si sheria ya mbinguni, lakini inakupa pa kusimamia. Mtoto wa darasa la nne akikaa saa mbili na nusu kila jioni, ama kazi ni nyingi mno, ama hajaelewa, ama anatazama ukuta. Kila mojawapo ina dawa yake, na huwezi kuijua bila kukaa naye siku mbili tatu ukaangalia.

Ukikuta hajaelewa, usimfanyie. Mwalimu anayepokea daftari lenye majibu yote sahihi anaamini somo limeingia, anaenda mada inayofuata. Afadhali umwandikie mwalimu kwamba tumejaribu hadi swali la nne, mengine yametushinda. Daftari lenye makosa ya mtoto ndilo linalomwambia mwalimu ukweli.

Anapoanza kujilinganisha

Mtoto wa miaka 6 ukimuuliza kama ni hodari wa hesabu atasema ndiyo, hata kama hajui. Wa miaka 10 ametazama darasa zima na kujipangia nafasi. Anajua nani anamaliza kwanza, nani hachaguliwi kwenye mchezo, nani anaitwa mjinga. Katika umri huu ndipo "sijafaulu mtihani huu" inapogeuka kuwa "mimi si mtu wa hesabu," na kauli hiyo ikikaa hung'oka kwa shida.

Wazazi huipalilia bila kujua. "Hata mimi hesabu zilinishinda, tumezaliwa hivi" inasemwa kwa nia ya kufariji, lakini mtoto anasikia ruhusa ya kuacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwaangalia watoto wa darasa la kwanza na la pili, wadogo kidogo kuliko tunaowazungumzia. Ulikuta kwamba wale ambao wazazi wao wanaziogopa hesabu walijifunza kidogo zaidi pale wazazi hao walipowasaidia mara nyingi kazi za nyumbani. Hofu inaambukiza hata kupitia msaada.

Sifa nazo zina mtego wake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walieleza majaribio yao na watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa akili zao, walipopewa maswali magumu, walikata tamaa mapema na kufanya vibaya zaidi baadaye kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Mjadala kuhusu ukubwa wa athari za aina hii shuleni bado unaendelea, kwa hiyo usitarajie muujiza. Ila mantiki yake inaeleweka: aliyeambiwa ana akili ana kitu cha kupoteza kila akikosea.

Marafiki watakuwa na nguvu ambayo hujaizoea. Makundi yanaundwa na kuvunjika ndani ya wiki, na kutengwa kunauma kweli. Mwingi wa ugomvi huu hupita bila mtu mzima kuingilia. Ukiona mtoto mmoja anaandamwa na walewale tena na tena, na hana nguvu ya kujitetea, huo si utoto. Ni uonevu, na shule inapaswa kuambiwa siku hiyohiyo.

Mwili hausubiri mtihani wa mwisho wa mwaka

Balehe kwa wasichana huanza kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14. Maana yake, katika darasa moja la tano kuna ambao wameanza kubadilika na ambao bado ni watoto kabisa, na wote wako sawa. Hedhi ya kwanza hufika takriban miaka miwili au zaidi kidogo baada ya matiti kuanza kuota, kwa hiyo mzazi huwa na muda wa kuzungumza na binti kabla hajashtuka peke yake chooni shuleni. Mvulana naye anahitaji kuelezwa kuhusu ndoto nyevu na sauti kuvunjika kabla hajasimuliwa upuuzi na wakubwa zake.

Wapo wanaohofia kwamba kuzungumza mapema ni kumfungua mtoto macho kabla ya wakati. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti za nchi mbalimbali, unaeleza kuwa elimu ya mwili na jinsia haiwaharakishi watoto kuanza ngono. Kimya ndicho kinachowaacha mikononi mwa yeyote aliye tayari kuwafundisha.

Usingizi pia. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa kila siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto anayelala saa saba kwa sababu ya masomo ya ziada au simu anaingia darasani akiwa nusu. Na usisahau macho. Ugonjwa wa kutoona vizuri vitu vya mbali mara nyingi hujitokeza katika umri huu, polepole, na mtoto hajui kwamba wenzake wanaona ubao vizuri kuliko yeye. Kabla ya kutafuta mwalimu wa ziada, mpeleke akapimwe macho na masikio.

Kuyumba kwa kawaida na tatizo la kweli

Kushuka kidogo mwanzoni mwa darasa la nne, kisha kutulia baada ya muhula mmoja au miwili, ni jambo la kawaida. Kisicho cha kawaida ni mtoto wa miaka 9 au 10 ambaye bado anasoma silabi kwa silabi, anayebadilisha mpangilio wa herufi kila mara licha ya kufundishwa, au anayeelewa kila kitu akisimuliwa lakini maandishi yanamshinda kabisa. Inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno na kuyaandika, ambayo haina uhusiano na upungufu wa akili. Ushauri wa "mwache, atazinduka mwenyewe" unafanya madhara makubwa hapa, kwani kila mwaka unaopita vitabu vinazidi kuwa vigumu huku yeye akibaki palepale. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyebadilika ghafla: aliyekuwa akipenda shule na sasa anaumwa tumbo kila Jumatatu. Ghafla kuna sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo haiko kwenye daftari.

Yote haya yanamrudisha mzazi kwa mwalimu, na mazungumzo yenyewe yanataka maandalizi kidogo. "Anaendeleaje?" ni swali linalopata jibu la "anaendelea vizuri, aongeze bidii," na mnaachana mkiwa hamjaambiana kitu. Beba daftari lake badala ya ripoti, kwa sababu ripoti inaonyesha alama na daftari linaonyesha makosa. Muulize anaelewa akisoma mwenyewe au mpaka aelezwe. Muulize anakwama kwenye mada zipi za hesabu, na kama anauliza swali asipoelewa au ananyamaza. Muulize anakaa na nani wakati wa mapumziko. Kisha muulize ni jambo gani moja angependa mlifanye nyumbani hadi mkutane tena, na mpangiane tarehe ya kukutana kabla hujaondoka.